Filamu za zamani kuhusu mtu mwenye nafsi nyingi: ipi uiweke kwenye flashi, ipi uichukue kwa tahadhari

Kama kwenye flashi yako imebaki nafasi ya filamu moja tu, chukua The Three Faces of Eve ya mwaka 1957. Kwa Kifaransa itafute kwa jina la Les Trois Visages d'Ève. Ni ya nyeusi na nyeupe, dakika 91, na iwe na sauti yake ya asili ya Kiingereza pamoja na maandishi ya Kifaransa chini. Nakala iliyotiwa sauti za Kifaransa usiilipie hata franka mia moja, sababu itakuja.

Tumezipima filamu hizi kwa jicho la mtu anayetaka kuzionyesha hapa Lubumbashi: mwalimu wa wauguzi, kiongozi wa vijana wa parokia, mwenye ukumbi mdogo wa video Katuba au Ruashi. Hapa kwetu mtu akianza kusema kwa sauti isiyo yake, kisha akizinduka asikumbuke alichosema, jirani wa kwanza atasema ni pepo, wa pili atasema amelogwa, na siku hiyohiyo anapelekwa kwenye maombi. Filamu yenye mtu wa namna hiyo inaweza kumwongezea jirani huyo hofu, au ikampa subira ya kuuliza maswali. Kwa hiyo, mbali na ufundi wa uigizaji, tumeangalia mambo manne: filamu inasema nini juu ya kumbukumbu, chanzo, hatari na tiba.

The Three Faces of Eve iliongozwa na Nunnally Johnson, aliyeiandika pia, kutokana na kitabu cha madaktari wawili wa Georgia, Corbett Thigpen na Hervey Cleckley, waliomtibu mwanamke mwenyewe. Joanne Woodward anacheza nafsi tatu ndani ya mwili mmoja. Eve White ni mke mpole anayeumwa kichwa na kupotelewa na saa nzima nzima. Eve Black anapenda starehe, muziki na wanaume. Jane, anayetokea baadaye, ni mtulivu na mwenye akili iliyopangika. Kazi hiyo ilimpa Woodward tuzo ya Oscar, na aliistahili: hakuna vipodozi vya kutisha, hakuna mwanga wa ajabu. Kuna mgongo unaolegea, macho yanayobadilika, namna ya kuketi, na sauti.

Jambo ambalo filamu hii imelipata sawasawa ni pengo la kumbukumbu. Eve White anakutwa na nguo za bei kali, mume anamuuliza zimetoka wapi, naye hajui. Mume anaamini anadanganywa. Hapo ndipo ugonjwa ulipo hasa, wala si kwenye sauti iliyobadilika. Mgonjwa wa kweli hukuta fedha zimetumika, hujikuta mahali asipokumbuka kufika, husalimiwa na watu asiowajua wanaomwita kwa jina jingine. Filamu imepata pia jambo ambalo watu wengi hulikosa: Eve Black anamjua Eve White na anakumbuka mambo yake, lakini Eve White hana habari zozote za mwenzake. Usahaulifu wa upande mmoja hivi umeandikwa na madaktari mara nyingi. Unapoonyesha filamu, simamisha kwenye mabishano ya nguo, uliza watazamaji nani anasema kweli kati ya mume na mke. Ndani ya dakika kumi utakuwa umefundisha zaidi ya somo zima la ubaoni.

Kinachodanganya ni namna nafsi zinavyobadilishana. Daktari anaita jina, mwanamke anainamisha kichwa, anakiinua, na mtu mwingine ameshafika. Kwa kamera ni rahisi, kwa maisha sivyo. Wagonjwa wengi huficha mabadiliko yao kwa miaka. Mara nyingi kinachoonekana ni ukimya wa ghafla, mtu kukodoa macho, mwandiko kubadilika kidogo. Anayesubiri kichwa kiiname na kuinuka kama kwenye filamu atawapita wagonjwa bila kuwaona.

Halafu kuna chanzo. Filamu inatuambia kwamba mzizi wa yote ni siku moja: mtoto Eve alilazimishwa kumbusu bibi yake aliyekufa. Mtazamaji wa Lubumbashi atauliza mara moja, na ana haki: ni watoto wangapi wamepitishwa mbele ya maiti kwenye matanga, na hawakugawanyika? Madaktari wengi leo wanataja mateso yanayorudiwarudiwa katika miaka ya kwanza ya utoto, mara nyingi kutoka kwa mtu anayemlea mtoto huyo huyo. Tukio moja la msiba halitoshi. Filamu ilihitaji fundo moja la kufungua ili imalizike ndani ya saa moja na nusu.

Na ilimalizika vibaya kwa ukweli. Kumbukumbu inarudi, Eve wote wawili wanatoweka, Jane anabaki peke yake na kuanza maisha mapya na mwanaume mwingine pamoja na binti wa Eve White. Mwanamke mwenyewe aliitwa Chris Costner Sizemore, alizaliwa mwaka 1927, akajitokeza hadharani katika miaka ya 1970 na kueleza kwamba Jane hakuwa mwisho. Alikuwa na nafsi zaidi ya 20 kwa jumla, na matibabu yaliendelea miaka mingi baada ya sinema kufunga pazia. Alisema pia kwamba mambo aliyoyaona utotoni yalikuwa zaidi ya busu la maiti. Baadaye aliishtaki kampuni ya 20th Century Fox kuhusu haki ya kusimulia maisha yake. Alifariki mwaka 2016, akiwa na miaka 89, baada ya miaka mingi ya kuishi vizuri na kuwasemea wagonjwa wa akili. Habari hii ni lazima isimuliwe mara tu filamu inapokwisha, taa zikiwa zimewashwa. Bila hiyo, familia yenye mgonjwa itarudi nyumbani ikitegemea muujiza wa siku moja. Alama yetu ni 8 kwa 10, na zile mbili zilizopungua zimekwenda kwenye dakika kumi za mwisho.

Sasa suala la sauti. Woodward anawapa Eve wawili lafudhi ya kusini mwa Marekani, kila mmoja kwa mwendo wake, na Jane anasema bila lafudhi hiyo. Mtu asiyejua Kiingereza hata neno moja bado atasikia tofauti. Ukiweka nakala ya sauti za Kifaransa, nafsi tatu zinakuwa karibu mwanamke mmoja aliyebadilisha hasira. Ni vibaya zaidi kwa zile nakala ambazo msimuliaji mmoja anatafsiri kila kitu kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu. Kwa filamu za mapigano kazi hiyo inapendeza na ina mashabiki wake halali. Kwa filamu ya nafsi nyingi, sauti moja ikiwasemea wote, kitu chenyewe kimeondoka. Afadhali mtu mmoja aketi karibu na televisheni na kueleza kwa Kiswahili kati ya onyesho na onyesho, akinyamaza waigizaji wanaposema.

Hilo linatuleta kwa Psycho ya Alfred Hitchcock, mwaka 1960, dakika 109, kwa Kifaransa Psychose. Sauti ya mama tunayoisikia nyumbani kwa Norman Bates, kijana mwenye hoteli ndogo ya barabarani, haikutoka kwa mtu mmoja. Walirekodi wanawake wawili, Virginia Gregg na Jeanette Nolan, na mwanaume mmoja, Paul Jasmin, wakazichanganya. Ndiyo maana sikio linakosa pa kushika: ni mwanamke, si mwanamke. Katika nakala ya Kifaransa mchanganyiko huo haupo. Anthony Perkins, anayemcheza Norman, anastahili kutazamwa kwa makini jinsi anavyotafuna peremende na kukwama kwenye maneno anapoulizwa maswali. Muziki wa Bernard Herrmann ni wa vinanda vya nyuzi peke yake. Kama sinema, hatuna la kuipunguzia.

Kama somo la ugonjwa, inadhuru, na tunalisema kwa uzito. Mwishoni daktari anasimama katika ofisi ya polisi na kueleza yote kwa hotuba ndefu: kijana aliwaua mama yake na mpenzi wa mama kwa sumu, akashindwa kubeba dhambi hiyo, akampa mama nusu ya akili yake, na sasa mama amechukua nyumba nzima. Maelezo yamenyooka mno, na yanamwacha mtazamaji na imani moja: mwenye nafsi mbili ni muuaji anayesubiri usiku. Kitabu cha vipimo vya magonjwa ya akili cha Marekani, DSM-5 cha mwaka 2013, kinaeleza hatari kwa upande mwingine kabisa: zaidi ya asilimia 70 ya wagonjwa hawa wanaotibiwa nje ya hospitali wamewahi kujaribu kujiua. Anayetakiwa kulindwa kwanza ni mgonjwa mwenyewe. Mahali ambapo mtu mwenye wazimu bado anaweza kufungwa kamba kwa sababu watu wanamwogopa, kuonyesha Psycho bila kusema jambo hili ni kukosa huruma. Ionyeshe kwa wapenda sinema, kwa wanaojifunza kupiga picha na kuhariri. Usiionyeshe kwa familia ya mgonjwa.

Chimbuko la wazo hilo, kwamba yule wa pili ndani yetu ni mnyama, ni la zamani kuliko Hitchcock. Mwandishi Robert Louis Stevenson alichapisha hadithi ya Jekyll na Hyde, daktari anayekunywa dawa na kugeuka mtu mkatili, mwaka 1886, na sinema imeirudia mara nyingi. Ya kutafuta ni ile ya mwaka 1931 ya Rouben Mamoulian, ambamo Fredric March alipata Oscar. Kwa ugonjwa wenyewe haifundishi kitu: Jekyll anakunywa dawa kwa kupenda, anajua anachokifanya, anakumbuka. Lakini ufundi wake bado unawashangaza vijana waliozoea kompyuta. Uso wa March unageuka mbele ya macho yetu bila picha kukatwa. Walimpaka rangi nyekundu usoni, kisha wakaweka kichujio chekundu mbele ya lenzi. Kwa filamu ya nyeusi na nyeupe, rangi nyekundu chini ya kichujio chekundu haionekani. Walipobadilisha kichujio polepole kwenda rangi ya upande wa pili, michoro ikajitokeza kama vivuli vyeusi. Jambo hilo linaweza kujaribiwa darasani kwa rangi ya midomo, vipande viwili vya plastiki, chekundu na kijani, na simu iliyowekwa kwenye nyeusi na nyeupe. Nakala yoyote iliyopakwa rangi kwa kompyuta inaua mbinu hii, iache. Angalia pia urefu: kamili ni kama dakika 98, na nakala isiyofika 90 ni ile iliyokatwa vipande iliporudishwa kwenye majumba ya sinema. Ya mwaka 1941, yenye Spencer Tracy na Ingrid Bergman, ina waigizaji wakubwa na vipodozi vichache, ila inasinzia katikati.

Lizzie, ya mwaka 1957 pia, ilitangulia The Three Faces of Eve kwa miezi michache, ikafunikwa nayo. Eleanor Parker anajitahidi, hadithi inakimbia. Chukua ikiwa unataka kulinganisha waigizaji wawili kwa kazi moja, vinginevyo pita.

Sybil ya mwaka 1976 inahitaji kuzungumziwa kwa kituo. Ni filamu ya televisheni ya Marekani, ilionyeshwa kwa usiku mbili, ikiwa kamili inapita saa tatu. Kuna toleo lililokatwa linalozidi saa mbili kwa kidogo, na halifai, kwa sababu kilichokatwa ni ile subira ya tiba, ambayo ndiyo nguvu ya filamu. Sally Field anacheza msichana mwenye nafsi 16. Daktari wake, Cornelia Wilbur, anachezwa na nani? Na Joanne Woodward, yule yule Eve wa mwaka 1957, sasa ameketi kwenye kiti cha pili. Tazama hizi mbili kwa mfuatano na utaona mwigizaji anayemsikiliza mgonjwa kwa namna ambayo hakusikilizwa yeye.

Sybil ilirekebisha kosa la Eve: chanzo ni mateso ya miaka, mikononi mwa mama, na tiba ni ya miaka. Lakini ikaleta tatizo jipya. Mwanamke wa kweli, Shirley Mason, alimwandikia daktari wake barua mwaka 1958 akikana kwamba ana nafsi nyingi. Daktari aliichukua barua hiyo kuwa ni njia ya kukimbia tiba. Mason alichomwa pia sindano za pentothali, dawa ya usingizi, ili aseme, na mtu aliyelewa dawa hiyo ni rahisi kupokea anachopendekezewa na kukiamini kuwa kumbukumbu. Baada ya kitabu kilichoandikwa juu yake na filamu hii, idadi ya waliotajwa kuwa na ugonjwa huu Marekani ilipanda sana, na madaktari wakagawanyika hadi leo: wengine wanaona ni jeraha la utotoni lililofichwa muda mrefu, wengine wanaona maswali ya daktari yenyewe yanaweza kuzaa nafsi. Anayeionyesha Sybil aeleze pande zote mbili. Somo lake kwa wahudumu wa kanisa ni kubwa kuliko kwa madaktari: usimuulize mtu aliyechoka, mwenye njaa ya siku tatu za kufunga, «wewe ni nani uliye ndani yake?», ukirudia hadi ajibu. Jina atakalotoa linaweza kuwa limetoka kwako.

Hapo tufafanue jambo, maana huulizwa kila mara filamu hizi zinapoonyeshwa. DSM-5 inakubali kwamba katika baadhi ya jamii nafsi nyingine hujitokeza kwa sura ya pepo au mzimu. Papo hapo inasema kwamba kinachofanyika ndani ya desturi au ibada inayokubalika, kisichomtesa mtu wala kuvuruga maisha yake, si ugonjwa. Mama anayenena kwa lugha Jumapili na kurudi sokoni Jumatatu akikumbuka yote hana haja ya daktari. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11, inatenga kabisa hali ya kupagawa inayotesa na ugonjwa wa nafsi nyingi, kila moja mahali pake.

Kuhusu nakala zenyewe, matatizo ni yale yale. Picha ya The Three Faces of Eve ni pana sana, kwa hiyo mistari myeusi juu na chini si kasoro. Usibonyeze kitufe cha kuvuta picha ijaze televisheni. Nakala inayojaza kioo chote imekatwa pembeni, na mara nyingi aliyekatwa ni daktari au mgonjwa, wakati filamu ilipangwa uwaone wote wawili pamoja. Nakala zilizotoka kwenye televisheni za Ulaya huenda picha 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo Psycho inaonyesha dakika 104 au 105 na Eve dakika 87. Hakuna kilichokatwa. Shida inakuja ukiweka maandishi yaliyotengenezwa kwa picha 24: mwanzoni yanaendana, mwishoni yamechelewa dakika nne. Kwenye VLC, programu ya kuchezea filamu kwenye kompyuta, vitufe vya G na H husogeza maandishi yote kwa kiasi kimoja, hivyo haviponyi kasoro inayokua. Tafuta maandishi ya kasi ile ile. Faili la maandishi liwe na jina sawasawa na la filamu, kwa mfano eve.mkv na eve.srt. Herufi zenye alama zikigeuka vimraba, lihifadhi upya kwa mfumo wa herufi wa UTF-8. Flashi iliyopangwa kwa FAT32 haipokei faili moja la zaidi ya giga 4, na ukiipanga kwa exFAT televisheni nyingi za zamani haziisomi. Chukua nakala ya giga 1 au 2, kwa filamu ya nyeusi na nyeupe inatosha.

Mpangilio tunaoupendekeza kwa kikundi ni mikutano miwili. Wa kwanza ni Eve peke yake, ukisimamisha mara mbili: kwenye nguo, na kabla ya onyesho la mwisho. Wa pili, wiki inayofuata, ni sehemu ya kwanza ya Sybil, kwa watu wazima tu, na utangaze mapema kwamba kuna mtoto anayeteswa na mzazi wake. Katika ukumbi wowote wa mji huu kuna mtu aliyepitia hayo. Mlango uachwe wazi, na mtu mmoja anayejulikana awe nje kwa ajili ya atakayetoka.

Baada ya filamu mtu atasogea na kusema, «Dada yangu anafanya hivyo hivyo.» Usimpe jina la ugonjwa. Kuzimia, kupoteza saa na kutokukumbuka vinaweza kuwa kifafa, malaria iliyopanda kichwani, pombe, au sukari iliyoshuka mwilini. Akiwa na homa au amechanganyikiwa sasa hivi, aende hospitali usiku huo huo. Vilevile akisema anataka kufa. La sivyo, mwambie awe na daftari kwa wiki mbili: saa ilipoanza, ilidumu muda gani, alianguka au hakuanguka, aliuma ulimi au hakuuma, alikojoa au hapana, alikuwa amekula nini na kunywa nini, na baadaye alikumbuka nini. Kisha aende nalo kwa munganga wa akili. Hapa Lubumbashi kuna Kituo cha Neuropsikiatria cha Joseph Guislain, cha Mabruda wa Upendo. Asiyeweza kufika huko aanzie kituo cha afya cha mtaani na daftari lake, aombe apimwe malaria na sukari kwanza.